Kilomita Ishirini za Kalimoni: Siku Moja ya Msafara wa Baiskeli

Msafara wa baiskeli wa masafa marefu ni safari ya siku nyingi ambayo kundi la watu huifanya pamoja kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine, kila mmoja akijisukuma kwa nguvu za miguu yake, huku mahema, chakula na vipuri vikibebwa na gari linalotangulia au kufuata nyuma. Nchini Kenya njia iliyozoeleka zaidi kwa safari za namna hii huanzia Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia, hupita Marsabit na Isiolo, huzunguka miteremko ya magharibi ya Mlima Kenya kupitia Nanyuki na Karatina, huteremka hadi Sagana, kisha huingia Nairobi kwa barabara ya Thika kabla ya kuelekea Namanga na Tanzania. Wanaoisimulia njia hiyo aghalabu hukaa sana kaskazini, kwenye mawe meusi ya volkano katika jangwa la Dida Galgalu, ambalo lilikuwa jaribio kubwa kabla ya barabara ya Isiolo hadi Moyale kutiwa lami yote katika muongo uliopita. Au hukaa kwenye mlima wa kutoka Isiolo kwenda Timau, unaompandisha mwendesha baiskeli kutoka takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300. Siku ya Sagana hadi Nairobi, yenye kilomita 100 hivi, hupewa mistari michache, kana kwamba safari imekwisha na kilichobaki ni kufungua mizigo. Makala haya yanashikilia kwamba siku hiyo ndiyo inayoeleza mengi zaidi kuhusu nchi inayovukwa, na kwamba ndani yake kipande chenye uzito kuliko vyote ni kilomita takriban 20 kati ya Thika na Ruiru, zinazopita Juja na eneo la Kalimoni.

Msafara mashuhuri kuliko yote unaoikata Kenya ni Tour d'Afrique, ulioanzishwa mwaka 2003 na Henry Gold kupitia kampuni yenye makao yake Toronto, Kanada, ambao huondoka Cairo mwezi Januari na kufika Cape Town mwezi Mei, baada ya takriban kilomita 12,000. Kwa hesabu hiyo huikuta Kenya mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi imekauka, mito imepungua na masika bado hayajaanza. Njia yake imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara kwa sababu za usalama na za hali ya barabara, lakini barabara ya A2 yenyewe, yaani ile inayotoka Moyale hadi Nairobi kupitia Isiolo na Thika, haikupangwa kwa ajili ya watalii: ni sehemu ya Barabara Kuu ya Cairo hadi Cape Town, mojawapo ya barabara kuu tisa zilizokusudiwa kuliunganisha bara la Afrika katika mpango ulioanza kuchorwa miaka ya 1970 chini ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika. Kwa hiyo yeyote anayeshuka kutoka Ethiopia kwa magurudumu mawili, awe katika msafara uliolipiwa au katika kundi la marafiki wanaobeba mizigo yao wenyewe kwenye keria, akiifuata barabara hiyo hatimaye hujikuta akipita Juja.

Siku ya namna hii hupangwa jioni ya siku iliyotangulia. Baada ya chakula, kiongozi wa msafara hukusanya watu na kuwasomea njia ya kesho: umbali, milima, mahali pa kupata maji, mahali gari la chakula litakaposimama karibu na nusu ya safari, na mahali pa hatari. Kunapopambazuka mahema hukunjwa, uji na chai hunywewa kwa haraka, na kufikia saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, makundi madogo ya watu watano au sita huwa yamekwisha kushika barabara. Nyuma ya wote hubaki mmoja aitwaye mlinda mkia, ambaye kazi yake ni kutompita mtu yeyote, hata aliye goigoi kiasi gani, ili kusiwe na anayeachwa njiani peke yake akiwa na pancha au homa. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ya aliyekosa kasi, ilhali kwa kweli hupewa mtu mzoefu kuliko wengine, anayejua kutengeneza baiskeli, kutambua dalili za mtu aliyeishiwa maji mwilini, na kumtia moyo aliyekata tamaa bila kumdhalilisha.

Sababu ya kwenda kwa makundi si urafiki peke yake, bali ni hewa. Mwendesha baiskeli anapofikia mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake haitumiki kuviringisha magurudumu bali kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na ukinzani wa hewa hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake mwendo ukiongezwa mara mbili ukinzani huongezeka mara nne. Anayefuata nyuma ya mwenzake kwa nafasi isiyozidi mita moja hukuta hewa imekwisha kupasuliwa, akaokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu ambazo angetumia akiwa peke yake. Ndiyo maana kundi lililozoeana huenda kwa mstari mmoja, aliye mbele akivunja upepo kwa dakika chache kisha akijitoa pembeni na kurudi mwisho wa mstari, na mwingine akishika zamu. Mpango huo hudai uaminifu mkubwa, kwa kuwa aliye nyuma haoni barabara. Humtegemea wa mbele amwonyeshe shimo kwa kuelekeza mkono chini, amjulishe mawe yaliyomwagika, na asifunge breki ghafla. Hudai pia kitu cha tatu ambacho si hewa wala uaminifu, nacho ni upana wa barabara unaotosha mstari huo kupita bila kubanwa, na hapo ndipo simulizi ya Kalimoni inapoanzia.

Kutoka Sagana, ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,200, barabara hupanda kuelekea kusini kupitia Makuyu, Kenol na Kabati. Kwenye ramani huonekana kama mstari ulionyooka, lakini miguu huijua kwa namna nyingine, kwa sababu mito yote ya eneo hili hutiririka kutoka milima ya Aberdare upande wa magharibi kuelekea mashariki, na barabara huikata mito hiyo kwa mkingamo, hivyo kila bonde huwa na mteremko wa dakika mbili unaofuatwa na mpando wa dakika kumi. Sehemu hii ya barabara, kuanzia Kenol kupitia Sagana hadi Marua karibu na Nyeri, yenye kilomita 84, ilianza kupanuliwa mwaka 2020 iwe na njia mbili kila upande, na hapo awali ilikuwa mojawapo ya barabara zilizoogopwa sana na waendesha baiskeli, kwani mabasi na malori yalikuwa yakipishana kwenye lami nyembamba yenye kona. Kando yake pana kila kitu ambacho mwili unaofanya kazi hiyo unakihitaji: maembe ya Makuyu, parachichi za Murang'a, ndizi, nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa. Mtu anayeendesha kutwa nzima huweza kutumia kalori 4,000 au zaidi, kiasi ambacho ni karibu mara mbili ya mahitaji ya mtu wa kazi za ofisini, na anayeongoza msafara kwa busara huwaambia watu wake waachane na biskuti tamu zilizosafirishwa kutoka mbali wakale githeri na ndizi, kwa sababu wanga unaotoka polepole ndani ya mahindi na maharage hudumu kuliko sukari inayopanda na kuporomoka ndani ya saa moja.

Hewa ya nyanda hizi za juu ina tabia mbili zinazopingana. Katika kimo cha mita 1,500 msongamano wake hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na pwani, hivyo mapafu hupata oksijeni kidogo kwa kila pumzi, lakini pia hewa ya kusukumwa huwa nyepesi, na anayekwenda kwa kasi kwenye tambarare hupata nafuu. Mwezi Machi jua la adhuhuri huwa karibu utosini kabisa, kwa kuwa Thika iko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa ikweta, na hapo kunywa maji peke yake hakutoshi: jasho hutoka na chumvi, na anayemimina lita baada ya lita bila kurudisha chumvi huanza kuumwa kichwa na kulegea, akidhani ni kiu. Karanga zenye chumvi zinazouzwa vituoni hutatua jambo hilo kwa bei ndogo.

Thika hufikiwa kabla ya saa sita mchana. Mji huu, uliofikiwa na reli kutoka Nairobi mwaka 1913, unajulikana nje ya Kenya hasa kwa mashamba ya mananasi na kwa kitabu cha Elspeth Huxley kilichotoka mwaka 1959, kinachosimulia familia yake ilivyofika huko kwa mkokoteni wa ng'ombe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mito ya Chania na Thika hukutana hapo, kando ya Hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908, na waendesha baiskeli hupenda kupumzika karibu na maporomoko yake. Jambo ambalo wachache hulitambua ni kwamba kati ya daraja la Chania na daraja la Ndarugu kule Juja, katika kilomita chache zisizo na mlima wowote wa kuonekana, msafara huvuka mpaka mkubwa wa maji. Maji ya Thika na Chania huingia Mto Tana, ambao humwagikia baharini karibu na Kipini. Maji ya Ndarugu na Ruiru huingia Mto Athi, ambao ukifika nyanda za chini huitwa Galana na kisha Sabaki, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua mbili zinazonyesha kwenye mashamba jirani hapo huweza kuagana na zisikutane tena hadi Bahari ya Hindi, na hakuna kibao chochote kinachostahili kuwekwa kwenye barabara hiyo kuliko cha kuwajulisha wapita njia jambo hilo.

Kalimoni ni jina la wadi mojawapo kati ya tano za eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, na pia ni jina la misheni ya Kanisa Katoliki pamoja na hospitali yake, ambayo wakazi wengi wa Juja huijua kuliko mipaka ya wadi yenyewe. Katika enzi za walowezi eneo zima lilikuwa la mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, pamoja na shamba la Juja la tajiri wa Marekani William Northrup McMillan, ambako Rais mstaafu Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909. Leo mashamba hayo yamekatwakatwa kuwa ploti, majumba ya kupangisha yameota karibu na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kama chuo cha kati mwaka 1981 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1994, na machimbo ya mawe ya Ndarugu hulisha ujenzi wa jiji la Nairobi. Kiambu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya mwaka 2019, na sehemu kubwa yao inaishi kwenye ukanda huu wa barabara. Kwa hiyo mwendesha baiskeli aliyetoka Marsabit, ambako aliweza kwenda nusu siku bila kuona zaidi ya ngamia na wachungaji, anaingia ghafla katika mojawapo ya sehemu zenye shughuli nyingi zaidi Afrika Mashariki.

Hapo pia ndipo anapokutana kwa wingi na waendesha baiskeli wenzake, ambao hawamo katika msafara wowote. Wapo wanaobeba majani ya nepia ya ng'ombe wa maziwa, mzigo ukiwa mpana kuliko baiskeli ilivyo ndefu. Wapo wenye mitungi ya maji, magunia ya makaa, kreti za mikate na maziwa ya alfajiri. Wapo vibarua wa machimbo na walinzi wanaotoka zamu ya usiku. Chombo chao aghalabu ni ile baiskeli nzito ya muundo wa Kiingereza inayotengenezwa India na China na kuitwa Black Mamba, yenye gia moja, fremu ya chuma, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya nyaya, na uzito unaozidi kilo 20 kabla mzigo haujawekwa. Baiskeli ya msafara huwa na nusu ya uzito huo na gia 20 au zaidi. Ukiangalia kazi inayofanyika, yaani uzito unaosogezwa na umbali unaosogezwa, ni vigumu kukubali kwamba mwenye kofia na nguo za kubana ndiye anayestahili kuitwa mwanamichezo na aliyebeba kilo 80 za nepia kupandisha mlima wa Ndarugu asistahili. Fundi wa baiskeli anayekaa chini ya mti stejini, akiwa na pampu, sulusheni na vipande vya tyubu kuukuu vya kubandikia viraka, huwahudumia wote wawili, na waendesha baiskeli wengi wa kigeni wameokolewa na mafundi wa aina hiyo, ambao hunyoosha ukingo wa gurudumu kwa macho na kwa kukaza spoki moja baada ya nyingine, bila kifaa chochote cha kupimia.

Inafaa kueleza kwa nini idadi ya wabeba abiria kwa baiskeli imepungua ilhali wabeba mizigo wamebaki. Usafirishaji wa abiria kwa baiskeli, ulioanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960 na kuenea Kenya na Uganda, ulipata pigo baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi kwenye pikipiki ndogo kuelekea mwisho wa muongo wa 2000, ambapo pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilimiminika na kuwanyang'anya wateja. Mzigo, hata hivyo, hauna haraka ya abiria, na mtu mwenye ng'ombe wawili hana mapato ya kununulia petroli kila siku. Hivyo baiskeli imebaki kuwa chombo cha yule ambaye hesabu yake ni ya shilingi kumi kumi. Ukweli huo ndio unaoifanya hali ya ukingo wa barabara kuwa suala la riziki.

Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilijengwa kuanzia mwaka 2009 na kampuni tatu za China, kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China, na ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 27. Karibu na Nairobi ina njia nne kila upande pamoja na barabara za pembeni, yaani barabara ndogo zinazokwenda sambamba na ile kuu kwa ajili ya magari ya karibu na matatu zinazosimama. Kuanzia maeneo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kuelekea Thika njia hupungua. Wasanifu waliweka njia za miguu na za baiskeli katika sehemu zake, na kwa wakati wake jambo hilo lilikuwa hatua kubwa, kwa maana barabara kuu nyingi za Kenya zilikuwa zimejengwa kana kwamba kila raia ana gari. Kasoro ni kwamba njia ya baiskeli ina faida pale tu inapounganika. Ikikatika kwa mita 200 kwenye makutano, mwendesha baiskeli hulazimika kuingia katikati ya malori kwa mita 200 hizo, na ajali moja hutosha kufuta faida ya kilomita tano za usalama zilizotangulia.

Juja ni mfano mzuri wa jinsi hatari hiyo inavyotokea. Magari ya Kenya huenda upande wa kushoto, na mwendesha baiskeli naye hukaa kushoto kabisa. Lakini matatu inayotaka kuingia stejini nayo hukata kushoto, na lori la mawe linalotoka machimboni huingia barabarani kutoka kushoto hilo hilo. Kwa hiyo kila mahali pa kuchepukia ni mahali ambapo njia ya chombo chepesi kuliko vyote hukatwa na vyombo vizito zaidi, dereva akiwa anatazama kioo cha kulia kuangalia magari ya kasi. Kokoto zinazodondoka kwenye malori hurundikana ukingoni, zikachanganyika na vioo na mchanga, zikamsukuma mwendesha baiskeli kuelekea kwenye lami ya magari. Wachuuzi, kwa sababu zinazoeleweka kabisa, hutandaza bidhaa palipo na sakafu nzuri na wapita njia wengi, yaani juu ya njia ya baiskeli. Bodaboda huitumia njia hiyo kama njia ya mkato, wakati mwingine kwa kwenda kinyume. Ajali za barabarani nchini Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao ni watembea kwa miguu, watu ambao hutegemea ukingo ule ule ambao baiskeli huutegemea.

Ndiyo maana viongozi wa misafara huubadilisha mpangilio wa kundi wanapofika Thika. Mstari mrefu wa kuvunja upepo, uliokuwa na manufaa makubwa kwenye tambarare za kaskazini, hapa huwa hatari, kwa kuwa mtu wa nyuma haoni matatu inayokata mbele. Makundi hugawanywa kuwa ya watu wawili watatu, nafasi kati yao huongezwa, mwendo hupunguzwa hadi kilomita 20 kwa saa, na kila anayefika kwenye makutano husimama na kuangalia nyuma kwa kugeuza kichwa badala ya kutegemea masikio. Upepo wa kaskazi unaovuma mgongoni miezi hiyo hauwasaidii tena, kwani hakuna anayethubutu kwenda kwa kasi yake. Saa moja iliyotosha kilomita 28 asubuhi sasa hutoa kilomita 15. Msafiri aliyeogopa jangwa hugundua kwamba uchovu wa macho na masikio humaliza mwili haraka kuliko mlima.

Swali la kwa nini hali hiyo inaendelea lina jibu la kiutawala kabla ya kuwa na jibu la fedha. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu za kitaifa ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kupitia Mamlaka ya Barabara Kuu, ilhali barabara za mitaa zinazoingia humo, steji, masoko na leseni za wachuuzi ni kazi ya kaunti. Njia ya baiskeli iko katikati kabisa ya mamlaka hizo mbili, na kila upande unaweza kusema kwa haki kwamba takataka iliyo juu yake ni ya mwenzake. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, yaani wa miguu, baiskeli na mikokoteni, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili hiyo. Kiwango hicho kinafanana na kile kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, kilomita chache tu kutoka barabara hii. Lakini sera ya Nairobi huishia kwenye mpaka wa kaunti, kabla ya Ruiru, na mbeba nepia wa Kalimoni yuko upande wa pili wa mpaka huo. Mahitaji yake si makubwa kwa kipimo cha bilioni 27: njia isiyokatika kwenye makutano ya Juja na Ruiru, kizingiti cha zege kinachozuia matatu kupanda juu yake, ufagio wa kuondoa kokoto mara kwa mara, na mahali pengine panapofaa pa biashara kwa mchuuzi anayeondolewa. Kati ya hayo manne, la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu mchuuzi aliyefukuzwa bila kupewa mahali hurudi kesho yake, naye ana haki ya kula.

Kenya haikosi watu wa kulisemea jambo hili. David Kinjah, aliyewalea vijana wa baiskeli katika kijiji karibu na Kikuyu kupitia kundi la Safari Simbaz, ndiye aliyemfundisha Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Wote wawili waliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 kule Melbourne. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafungulia njia waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Jirani zetu wa Rwanda walijenga mashindano ya taifa yao hatua kwa hatua hadi Kigali ikaandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kijana wa Juja aliyeyatazama mashindano hayo kwenye simu anahitaji mahali salama pa kufanyia mazoezi asubuhi inayofuata, na mahali pa karibu zaidi ni kilomita hizi hizi 20.

Kutoka Ruiru hadi katikati ya Nairobi zimebaki kilomita 25 hivi, na misafara mingi huchagua mojawapo ya njia mbili. Baadhi hukusanya watu wote Ruiru, hupanga gari la msafara nyuma likiwa limewasha taa, na kuingia mjini kama mwili mmoja unaoonekana, kupitia Kahawa, Githurai na Kasarani, wakishika barabara ya pembeni pale ilipo. Wengine hugawanyika na kuchepuka kwenye barabara za ndani za mashamba ya kahawa yaliyosalia kuelekea Kiambu mjini, njia ndefu yenye milima mingi zaidi lakini yenye magari machache, ambayo waendesha baiskeli wenyeji huipenda kwa mazoezi ya mwisho wa juma. Chaguo la pili linapendekezwa hapa bila kusita kwa yeyote mwenye nguvu zilizobaki miguuni, hasa baada ya saa tisa alasiri, wakati barabara kuu huanza kujaa watu wanaotoka kazini. Nairobi msafara hupumzika siku moja au mbili, tairi zilizochanika kwa kokoto za Juja hubadilishwa, cheni husafishwa, na barua za nyumbani hujibiwa, kabla ya kilomita takriban 160 za kuelekea Namanga.